Korosho mbichi ndani ya gunia

Swali: Nalima korosho hapa Bungu, Kibiti. Jirani zangu huchanganya zisizokauka ili gunia lizidi uzito. Mimi naanika mpaka zikauke, napata uzito pungufu. Je, huu wema ni ujinga?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Korosho yenye unyevu huota ukungu, na katika mfumo wa stakabadhi ghalani mzigo wa wakulima wengi huuzwa pamoja: daraja likishuka, mnaumia wote. Lakini hata asingeumia mtu, ningekujibu vilevile. Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kuwa tabia hujengwa kwa kutenda. Anayedanganya mizani kila msimu anajizoesha udanganyifu, na hauishii ghalani. Anarudi nao nyumbani kwa mkewe na wanawe. Endelea kuanika. Na kwenye mkutano wa chama cha msingi, simama udai kila gunia likaguliwe kabla ya kupimwa.