Wote ninaowauguza wanakufa. Nahangaikia nini?

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 41, Mwanglikana, mkazi wa Muheza. Najitolea kuhudumia wagonjwa majumbani, wale ambao hospitali imewaruhusu kwa sababu hakuna tena dawa ya kuwaponya. Nawaogesha, nawageuza kitandani, nawakumbusha dawa ya maumivu, nakaa nao. Tangu Pasaka wamefariki watatu. Kanisani tunaambiwa watafufuka. Kaka yangu, ambaye siku hizi haendi kanisani, ananiuliza: kama Mungu wako atawapa mwili mpya, huu unauosha wa nini? Tena ananitajia Shakahola, anasema imani ya maisha mengine ndiyo inayofanya watu wayadharau haya waliyo nayo. Nimekosa la kumjibu, na mwezi huu nimeacha hata kwenda mazikoni. Jambo la mwisho: mgonjwa niliye naye sasa ni bibi wa Kiislamu. Je, ni sawa kumwombea? – Mhudumu, Muheza.

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa misiba. Kaka yako ameuliza swali la maana, naomba usimnunie kwa ajili yake. Nianze na Shakahola, maana ndiyo hoja yake nzito. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, pwani hii hii yetu ng'ambo ya mpaka, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Wapelelezi wa Kenya wanasema waumini walifundishwa kufunga mpaka wafe ili wakakutane na Yesu. Mkristo hana ruhusa ya kulipita jambo hilo kwa kusema wale si wenzetu. Walikuwa na Biblia mikononi. Lakini tazama fundisho lenyewe: kwamba mwili ni kizuizi, na kwamba mtu humfikia Mungu kwa kuukimbia. Hilo ni kinyume kabisa cha ufufuo. Anayeamini ufufuo anaamini kwamba Mungu hakuutupa mwili uliosulubiwa. Kaburi lilikutwa tupu. Tomaso alionyeshwa makovu yale yale ya misumari. Na katika sura ya 21 ya Injili ya Yohana, Yesu aliyefufuka yuko ufukweni alfajiri, amewasha makaa, ameweka samaki na mkate, anawaita wavuvi waliokesha kazini waje wale. Ameshinda mauti, na shughuli yake asubuhi ile ni kifungua kinywa cha watu waliochoka. Anayewanyima watoto chakula kwa jina la huyo amempa kisogo.

Hapo pia ndipo kaka yako anapokosea kuhusu mwili mpya. Anauwaza kama nguo ya kubadilisha, ya zamani ikitupwa jalalani. Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anasema habari za mbegu: kinachoota hakifanani na kilichofukiwa, lakini ni kile kile kilichofukiwa. Bibi unayemwogesha leo ndiye atakayefufuliwa, si mwingine atakayechukua nafasi yake. Na angalia sura hiyo ndefu inavyokwisha. Baada ya parapanda na wafu kuinuliwa, tungetegemea Paulo awaambie wasomaji wake wakae wakitazama juu. Badala yake anawaambia washike kazi, kwa kuwa taabu yao si ya bure. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, anaingia kwenye mchango wa kuwasaidia wahitaji wa Yerusalemu, na kila mtu aweke akiba kila siku ya kwanza ya juma kadiri alivyofanikiwa. Sisi tumezoea kusoma mchango ule kama habari nyingine kwa sababu unaanza sura ya 16, lakini mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baadaye. Kwa Paulo, kutoka kaburini hadi kwenye kikapu cha sadaka ni hatua moja.

Sasa kuhusu wewe mwenyewe. Kazi yako ukiipima kwa idadi ya waliopona, hesabu ni sifuri, na kesho itakuwa sifuri. Ndivyo tiba shufaa ilivyo. Unamgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, unampaka mafuta mgongoni, unalowesha midomo yake kwa pamba, na mwisho wake unaujua. Kipimo cha matokeo hakikufai hapa, na ndiyo maana umechoka rohoni kuliko mwilini. Wakumbuke wanawake wa Jumapili ile ya kwanza, Maria Magdalena, Maria mama yake Yakobo, na Salome. Hawakwenda kaburini kwa matumaini. Walichukua manukato wakaipake maiti, kazi ya mwisho kabisa, isiyobadilisha lolote, wala hawakujua nani angewavingirishia jiwe. Mitume walikuwa wamejifungia ndani. Waliokwenda kuuhudumia mwili ambao hautarajiwi kuamka ndio waliokuwa wa kwanza kupewa habari. Nadhani wainjilisti walitaka tuone hilo. Imani ya ufufuo haikuahidi kwamba mgonjwa wako atapona ukiomba vizuri, na anayekuuzia mafuta ya upako kwa ahadi hiyo anakuuzia kitu kingine. Inakuambia kwamba ulichomtendea mtu huyu hakifi naye, kwa sababu yeye mwenyewe hajaachwa mikononi mwa mauti.

Kwamba imani hii huwapeleka watu kwenye kazi zisizo na faida ya kuonekana, ushahidi upo, tena hata kwa wasioipenda. Kaisari Juliano, aliyetawala Roma kuanzia 361 hadi 363 na kujitahidi kurudisha ibada za zamani, alilalamika kwa kuhani wake mmoja kwamba Wakristo wanaenea kwa sababu ya ukarimu wao kwa wageni na jinsi wanavyowashughulikia wafu, na kwamba wanalisha hata maskini wasio wa dini yao. Hapa kwetu huhitaji kwenda mbali. Panda milima ya Usambara hadi Lutindi, wilaya ya Korogwe. Mwaka 1896 wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walianzisha pale makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, kazi ambayo Kanisa la Kilutheri, KKKT, limeirithi. Wagonjwa wale wengine hawaponi. Wengine ndugu zao hawataki kuwaona. Anayepima thamani ya mtu kwa anachozalisha hana sababu ya kujenga hospitali kama ile juu ya mlima, na kuiendesha kwa zaidi ya miaka 100. Na kwako Muheza, Hospitali Teule, iliyotokana na misheni ya Kianglikana ya Magila, ndiyo iliyowazoesha watu wa wilaya kuona wagonjwa wa mwisho wakifuatwa nyumbani na dawa ya maumivu.

Kaka yako angeweza kuleta hoja kali kuliko Shakahola, nami sitaki kuikwepa kwa kuwa hakuileta. Tanga ni nchi ya mkonge. Tangu Richard Hindorf alipoleta miche yake mwaka 1893, watu maelfu walisafirishwa kutoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge kwa ujira mdogo, wakiitwa manamba. Mtu aweza kusema kwamba mbingu ilihubiriwa kwao ili wasidai haki yao hapa chini. Mahubiri ya namna hiyo yamekuwapo, na bado yapo. Mimi nayahesabu kuwa dhambi. Lakini aliyeshika ufufuo barabara hakuhubiri hivyo. Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar tangu 1908 na ambaye dayosisi yake ilifika Bonde, yaani huko kwenu Muheza, aliandika mwaka 1920 kuishutumu Serikali ya nchi yake mwenyewe, Uingereza, kwa kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mwaka 1923 aliuambia mkutano mkubwa wa Waanglikana jijini London kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku wakimdhulumu katika miili ya maskini. Hakuwa malaika: katika Vita ya Kwanza ya Dunia aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Zanzibar upande wa Waingereza, katika vita iliyoua wapagazi kwa maelfu. Hata hivyo mantiki yake naiona imenyooka. Mwili ambao Mungu atauinua, mwajiri hana haki ya kuutumia kama kuni. Weston alifariki Hegongo, jirani na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo Kanisa linawakumbuka marehemu wote.

Utaniuliza, je, asiyeamini hawezi kumwosha mgonjwa kwa upendo ule ule? Anaweza, na wapo wengi, pengine hata kaka yako. Jirani zako Waislamu nao wana kiyama katika nguzo za imani yao, na hakuna anayewashinda watu wa pwani hii kwa kumshughulikia maiti kwa heshima. Sidai kwamba wema ni mali ya Wakristo. Ninachosema ni kidogo zaidi: Mkristo anapofika mahali ambapo wema wake hauzai kitu, ana sababu ya kuendelea isiyotegemea nguvu zake wala shukrani za mtu. Wala sitaki ujidanganye kwamba, kwa kuwa imani hii inakupa nguvu, basi ni kweli. Uongo nao hutia watu nguvu. Paulo mwenyewe alikubali kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure na sisi ni wa kuhurumiwa. Kaka yako akitaka kujadili kama kaburi lile lilikuwa tupu kweli, kaa naye mjadili. Hilo ndilo swali lenyewe. Ila lile la kuosha mwili lina jibu: unauosha kwa sababu Mungu hajauacha.

Mazikoni urudi. Nadhani ulianza kuona aibu ya kulia mbele ya waumini wenzako, kana kwamba machozi yanakana ufufuo. Katika sura ya 11 ya Yohana, Yesu anajua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini, na bado analia. Nenda, shika koleo kama wanavyofanya wengine au kaa na akina mama jamvini, ulie. Pia zungumza na muuguzi anayekusimamia, umwambie waziwazi kwamba misiba mitatu imekulemea, akupunguzie wagonjwa kwa muda. Mhudumu anayelala na kula vizuri anamheshimu mgonjwa wake.

Kuhusu bibi: moyoni mwako mwombee kadiri upendavyo, hakuna wa kukuzuia. Kwa sauti, mwulize kwanza yeye mwenyewe, wakati hana maumivu makali na watu hawajajaa chumbani. Akisema hapana, hapana yake iheshimiwe siku hiyo na siku zote, wala usiifanye sabuni na maji kuwa mtego wa kumbadili dini. Mwulize pia kama angependa asomewe Kurani, na kama hana mtu wa karibu, mtafute mwalimu wa madrasa au imamu wa msikiti wa mtaani aje. Siku ya kumwosha maiti ikifika, wenyewe wanajua taratibu zao. Wewe wasaidie kuchota maji, kuandaa chai ya wafiwa, na kutafuta viti.