Ukipata Mgeni Nakuru, Anzia Hyrax Hill

Kwa miaka mingi, kila mgeni aliyeteremkia kwangu Free Area nilimpeleka ziwani kwanza. Ndivyo wenyeji wengi wa Nakuru tunavyofanya. Mgeni ameshaona zile picha za zamani, ukingo mzima wa ziwa umegeuka rangi ya waridi kwa heroe, na yeye anataka picha kama hiyo. Tukifika anakuta maji yametanda, miti iliyokauka imesimama katikati ya maji, na ndege wachache kwa mbali. Halafu ananitazama kana kwamba kuna kitu nimemficha. Nilikuwa naomba radhi. Siku hizi siombi, kwa sababu nimebadilisha mpangilio wa safari: ziwa linakuja siku ya pili, na siku ya kwanza ni ya kilima kilicho karibu na mlango wangu.

Hyrax Hill iko kama kilomita nne kutoka katikati ya mji, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Ukiwa Free Area unaweza kwenda kwa miguu. Jina lake linatokana na pimbi, wale wanyama wadogo wanaoota jua juu ya mawe, na ukifika mapema bila kelele utawaona. Toka nyumbani asubuhi, jua halijawa kali. Vaa viatu vya kufunika vidole maana kuna miiba na mawe yanayoteleza. Beba maji, kofia na kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni wa nje. Wenye watoto wabebe pia kiganja cha maharagwe makavu. Nitaeleza kwa nini.

Ukishalipa, omba mwelekezi. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mara ya kwanza nilizunguka peke yangu, nikaona nyasi, mawe na mabonde madogo, nikarudi nyumbani baada ya nusu saa. Mara ya pili nilikwenda na mwelekezi, na tulipomaliza saa tatu zilikuwa zimepita. Alituanzishia ndani ya jumba la makumbusho, ambalo zamani lilikuwa nyumba ya shamba la walowezi na likafunguliwa kwa umma mwaka 1965. Akatusimulia jinsi Louis Leakey alivyokitambua kilima hiki mwaka 1926, na jinsi mkewe, Mary Leakey, alivyokuja kukichimba kuanzia 1937. Kufikia 1943 kilikuwa kimetangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa. Mary Leakey wengi tunamjua kwa Olduvai kule Tanzania, lakini kabla ya sifa zile zote alipiga magoti kwenye udongo huu wa kwetu.

Kisha mkitoka nje, mwambie mgeni wako asimame pembeni mwa yale mabonde madogo na ayaangalie vizuri. Ni mashimo ya Sirikwa. Watu waliyachimba kuwa mazizi ya ng'ombe, mamia ya miaka iliyopita, na samadi waliyokuwa wakiitoa ikarundikana nje ya mlango mpaka ikawa kichuguu. Jina Sirikwa limehifadhiwa katika masimulizi ya Wakalenjin, wanaowataja kama watu waliokuwa wakiishi nchi hii kabla yao. Mfugaji yeyote wa Bonde la Ufa akisimama pale anaelewa mara moja. Nilimpeleka mzee mmoja jirani yangu, aliyefuga maisha yake yote. Alitazama upande ulikokuwa mlango wa zizi, akatazama mteremko, akasema waliolijenga walijua maji ya mvua yatapita wapi.

Kuna pia makaburi, ya kale zaidi kuliko mazizi. Wachimbaji waligundua kwamba wanawake walizikwa pamoja na vyombo vya mawe, sahani na michi, na wanaume hawakupewa. Mbele ya kaburi lile lililoachwa wazi punguza sauti, na uwaombe watoto nao wapunguze. Huwa naona wageni wakipiga picha haraka na kuondoka. Afadhali kukaa kidogo.

Sasa yale maharagwe. Kwenye mwamba mmoja kuna bao lililochongwa, safu za vijishimo, na vingine vimelainika kwa mikono ya wachezaji tusiowajua. Desemba iliyopita nilikuwa na watoto wa dada yangu, waliozaliwa na kukulia Stockholm. Kule wamezoea Skansen, makumbusho ya wazi yaliyoanzishwa mwaka 1891, ambako nyumba za zamani za Sweden zimehamishwa zikapangwa juu ya kilima na mgeni anaingia ndani. Mkubwa akaniuliza, "Mjomba, nyumba ziko wapi?" Nikamwambia nyumba hapa zilikuwa za miti na udongo, zimerudi ardhini, ila mchezo wao umebaki. Mwelekezi akatuambia kwamba Wakikuyu wanauita giuthi na Wajaluo wanauita ajua. Wale watoto walicheza kwa kokoto kwa sababu sikuwa nimebeba kete, na kokoto zikawa zinawaponyoka na kuteremka mwambani. Ndipo nilipojifunza kuhusu maharagwe. Uliza kwanza ni mwamba gani unaruhusiwa kuchezewa, na usichore wala kukwangua chochote.

Malizieni kileleni. Ni kilima kifupi, hata shosho akipumzika mara mbili anafika. Kusini utaliona ziwa, kaskazini mgongo wa Menengai, na chini yako mabati ya mitaa yetu. Hapa ndipo ninapomwambia mgeni jambo lililobadilisha safari zangu: maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa lenye kina, na baadaye, maji yalipokuwa yakishuka, kilima hiki kilizungukwa na ufuo wa ziwa lile. Mtu akiwa amesimama pale juu, akipima kwa macho umbali uliopo mpaka maji ya leo, anaanza kuliona ziwa kama kitu kinachopumua.

Siku inayofuata ndiyo ya hifadhi ya Ziwa Nakuru. Ni eneo la kilomita 188 za mraba, hifadhi ya taifa tangu 1968, na huruhusiwi kutembea kwa miguu, hivyo tafuteni gari la kugawana gharama, watu sita au saba. Malipo ni kwa simu, fedha taslimu hazipokelewi. Maji yalipopanda, malango na barabara za ndani ziliathirika, kwa hiyo uliza jioni ya kuamkia safari ni lango lipi linatumika. Ukitoka Free Area, lililo karibu ni la Lanet, lakini usilifuate kwa mazoea. Muwe langoni saa kumi na mbili alfajiri. Vifaru, weusi na weupe, huonekana vizuri saa zile za baridi. Baboon Cliff msifungue madirisha mkiwa na chakula. Nyani wa pale wanaijua karatasi ya mkate.

Na heroe? Mweleze mgeni sababu badala ya kuomba radhi. Chakula chao kikuu ni mwani mdogo unaostawi kwenye maji ya magadi. Tangu miaka ya 2010 ziwa limejaa, magadi yamezimuliwa, mwani umepungua, na ndege wengi wakahamia kwingine, hasa Bogoria. Ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini inaonyesha ukingo ulikuwa wapi juzi tu. Dada yangu, aliyeliona ziwa likiwa la waridi utotoni, alilia kidogo pale. Lakini kwa kuwa jana yake alikuwa amesimama kileleni Hyrax Hill, aliniuliza maji yamewahi kufika wapi, na tukaongea njia nzima. Maziwa haya matatu, Nakuru, Elementaita na Bogoria, yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011.

Ukiwa na alasiri ya ziada, panda Menengai. Pikipiki inafika mpaka ukingoni, ila nendeni kundi na mteremke kabla ya magharibi. Beba sweta, upepo wa pale juu hauna huruma. Shimo la volkano hiyo lina upana wa kilomita kama kumi na mbili upande mrefu, na mvuke unaouona chini ni wa visima vya jotoardhi. Wanangu hupenda nikiwaeleza kwamba wataalamu wengi wa Kenya wa kazi hii walisomea Iceland, kwenye mafunzo ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa yaliyoanza Reykjavik mwaka 1979. Watu hulipa nauli kubwa kwenda Iceland kuona mahali ardhi inapoachana. Sisi tumejenga mji ndani ya ufa kama huo.

Jumba la Lord Egerton kule Ngata, la vyumba 52, lililojengwa kati ya 1938 na 1954, ni zuri kwa picha na hadithi ya mapenzi yaliyokataliwa watu huisimulia kwa hisia. Mimi hulitaja, mgeni akitaka tunakwenda. Siliweki siku ya kwanza.

Mkirudi Free Area mtakuwa na njaa. Kibandani chapati na ndengu zipo mpaka usiku, na mahindi ya kuchoma kando ya barabara. Jioni ile ya kwanza, wale watoto wa Stockholm walichimba vijishimo kwenye udongo nyuma ya nyumba yangu, wakaniomba maharagwe kutoka jikoni. Dada yangu alikuwa ameshayaloweka ya githeri. Wakachukua mahindi.