Krediti za Masomo Zihesabiwe Kabla ya Ada Kulipwa

Katika kata za pembezoni mwa Kinondoni na Temeke hawakosekani watu wazima walioanza shahada wakaiachia njiani: mmoja ada ilimshinda, mwingine alihamishwa kikazi, mwingine aliuguliwa. Wengi wao huamini kwamba kurudi chuoni ni kuanza upya. Si lazima iwe hivyo.

Masomo ya chuo kikuu hupimwa kwa krediti. Kwa utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo za mihadhara, kujisomea, mazoezi na mitihani. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Nchini Marekani shahada ya miaka minne huwa na krediti zipatazo 120 tu, kwa kuwa kipimo chao ni kingine. Hivyo anayevutwa na tangazo la chuo cha ng'ambo asilinganishe tarakimu hizo. Hata ada ikiwa nafuu, kwanza aulize TCU iwapo shahada ya chuo hicho inatambuliwa nchini.

Kwa walio wengi, njia ya karibu ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, chenye makao makuu Kinondoni, Barabara ya Kawawa. Mafunzo yake ni ya masafa, na mwanafunzi huweza kubaki kazini.

Tuseme mkazi wa Mbagala aliacha chuo akiwa na krediti 240, na chuo kipya kikazikubali 150. Zilizobaki ni 210, yaani saa 2,100. Akisoma saa 15 kwa wiki, atahitaji wiki 140, takriban miaka miwili na miezi minane. Angeanza upya, zingekuwa wiki 240. Tofauti hiyo ya wiki 100 ni ada, ni muda wa familia, na pengine ni nafasi ya kupandishwa cheo.

Kwa nini zile 90 zikataliwe? Chuo hutazama kiwango cha somo, yaliyofundishwa na alama za ufaulu, wala si jina la somo pekee. Aliyehama kutoka ualimu kwenda biashara atapoteza zaidi ya aliyebaki katika fani yake. Wenye stashahada nao huchanganya mambo mawili: sifa ya kujiunga na uhamisho wa krediti. Stashahada yenye ufaulu unaotakiwa humfungulia mtu mlango wa shahada, lakini peke yake haimpunguzii somo hata moja.

Mwombaji apeleke transkripti pamoja na mihtasari ya masomo aliyosoma, kisha asubiri barua inayotaja kila somo lililokubaliwa. Ahadi ya mdomo dirishani, hata ikitolewa kwa nia njema, haihesabiki siku ya kuhitimu. Barua ikishapatikana ndipo ada ya masomo yaliyobaki ikokotolewe.

Anayedaiwa na chuo cha awali aanze na deni hilo, kwani huenda asipewe transkripti kabla ya kulimaliza.