GARI LIKIKOSA NGUVU, TUANGALIE SENSA YA HEWA

Siku hizi vipo vikundi vya vijijini vyenye gari la pamoja. Mchana linapeleka mazao mnadani, usiku linapeleka mgonjwa hospitali. Likianza kushindwa mlima, kushtukashtuka, au kunywa petroli kupita kawaida, fedha za wanachama ndizo zinazoteketea. Na mara nyingi tunaambiwa, "Injini imekwisha, leteni mchango." Kabla ya kuchanga, tujifunze habari ya kifaa kimoja kidogo.

Mafundi wanakiita sensa ya hewa. Siyo ile sensa ya watu tuliyohesabiwa mwaka 2022, ingawa hii nayo kazi yake ni hesabu: inapima hewa inayoingia kwenye injini. Kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Kompyuta ya gari ndiyo inayogawa petroli, lakini haiwezi kugawa sawasawa kama haijaambiwa hewa ni kiasi gani.

Inapimaje? Ndani yake mna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, kama tunavyopoza chai kwa kuipuliza. Hapo umeme zaidi unahitajika ili joto la waya lisishuke, na kwa umeme huo kompyuta inajua hewa iliyopita. Sasa vumbi likiganda juu ya waya, hewa haiupozi vizuri. Sensa inasema hewa ni kidogo kuliko ilivyo kweli. Basi petroli inapunguzwa, gari linakuwa kama mtu aliyelala njaa, na dereva anazidi kukanyaga.

Si kila gari lina sensa hii. Magari ya zamani ya kabureta hayana. Kwenye Toyota Probox na nyingine nyingi, itafute kwenye boksi la chujio la hewa au mwanzo wa bomba linalotoka hapo. Imefungwa kwa skrubu 2.

Jinsi ya kuisafisha

Zima injini, ngoja ipoe, kisha fungua waya wa hasi wa betri. Bonyeza kibanio cha soketi ndipo uichomoe, usivute nyaya. Fungua skrubu, itoe sensa taratibu.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ule waya usiguswe kwa kidole, kitambaa, pamba wala mswaki, unakatika upesi. Usiupulize kwa kompresa. Petroli haifai, wala dawa ya kusafishia kabureta au breki. Nunua kopo la dawa ya sensa hii hasa, lenye herufi MAF. Pulizia mara 10 hadi 15 bila kuigusisha ncha ya kopo. Iache ikauke yenyewe kama saa 1. Dawa hiyo inashika moto, kwa hiyo mvuta sigara akae mbali. Ukirudisha, hakikisha ile ringi ya mpira ipo.

Angalia na chujio. Wapo madereva wanaoliondoa, eti gari lipumue vizuri. Huko ni kuikaribisha injini vumbi la barabara zetu, na sensa utaisafisha kila siku bure.

Kama gari bado ni gonjwa, kagua bomba la mpira kati ya sensa na injini. Likiwa na ufa, hewa inaingia bila kuhesabiwa. Baada ya hapo mwite fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Mashine ikionyesha P0101, P0102 au P0103, maana yake kuna tatizo upande wa sensa, pengine ni waya uliokatika au soketi yenye kutu. Haisemi "nunua mpya." Mwambie fundi apime nyaya kwanza.

Ikibidi kununua, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Namba iliyoandikwa juu yake lazima ilingane na ya mpya, tarakimu kwa tarakimu. Kufanana kwa umbo hakutoshi, na za bandia zimejaa. Ikishafungwa, fundi afute hitilafu kwenye kompyuta.

Zoezi: Fungueni boneti ya gari lenu mchana, injini ikiwa baridi. Itafuteni sensa, nakilini namba yake kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe chujio lilipobadilishwa mara ya mwisho.