Bogenvilia ya Chungu Roshanini, Arua Hill

Bogenvilia ni mmea wa namna gani?

Ni mmea wenye miiba unaoparamia, asili yake Amerika Kusini. Mwanabotania Mfaransa Philibert Commerson aliukusanya Brazili mwaka 1767. Sehemu yake ya waridi au zambarau si ua, bali ni majani matatu yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kijineli cheupe katikati, kidogo kiasi cha kutoonekana kutoka barabarani. Kwa kuwa ni majani, rangi hiyo hudumu kwa majuma mengi.

Chungu kiwekwe upande gani wa nyumba?

Hili ndilo swali kubwa, nalo ndilo husahauliwa. Bogenvilia huhitaji jua kali kwa muda wa saa sita hivi kila siku. Arua, nchini Uganda, iko takriban digrii 3 kaskazini mwa ikweta: kuanzia Oktoba hadi Machi jua la adhuhuri hupita kusini, kisha huhamia kaskazini. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho msimu wa maua, kwa hiyo roshani inayotazama kusini ndiyo yenye bahati. Ya mashariki au magharibi hufaa pia. Ya kaskazini hupata jua miezi ya mvua, wakati mmea umeshughulika na majani. Hata Desemba jua hupanda juu sana na sakafu ya ghorofa ya juu hulikinga, hivyo chungu kikae mbele, si ukutani.

Umwagiliwe mara ngapi?

Kidole kichomekwe udongoni hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, maji yamiminwe mpaka yatoke tunduni chini, na yanayotuama kwenye sahani yamwagwe. Maji ya kila siku ndiyo huua bogenvilia nyingi: majani hugeuka njano, mizizi huoza, na mwenyewe huongeza maji akidhani mmea una kiu. Wakati wa mvua chungu kisikae chini ya mchirizi wa paa.

Kwa nini majani hustawi bila maua?

Ama jua ni haba, ama mmea umelishwa kupita kiasi. Samadi nyingi na chungu kikubwa huleta majani. Udongo uliochanganywa na mchanga na samadi kidogo iliyooza vizuri hutosha, na mizizi iliyobanana kiasi huchochea maua.

Upogolewe lini?

Kila maua yanapokwisha, kwa sababu maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Matawi yaliyokatwa mwanzoni mwa mvua, yenye unene wa penseli, huweza kupandwa kivulini.

Kuna hatari yoyote?

Miiba huchoma, kwa hiyo glavu ni lazima. Na chungu kisiwekwe kamwe juu ya ukingo wa roshani: kikianguka, kitamwangukia mpita njia.