Trela Dogo na Fadhila ya Busara



Wapendwa vijana, somo letu leo linahusu jambo ambalo hapa nyumbani linaonekana geni kidogo, lakini kwa wenzetu walioko Marekani si geni hata kidogo: kuacha nyumba ya kupanga na kuhamia moja kwa moja kwenye trela dogo, lile linalovutwa na pikapu, lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Tumchukue kijana muuguzi. Ana mkataba wa wiki 13 hospitali moja, kisha wiki 13 nyingine jimbo la mbali. Anajiuliza: kwa nini nilipie chumba nisichokaa? Si bora nyumba inifuate?

Swali ni zuri, na halijibiwi haraka haraka. Katika Luka sura ya 14, Bwana Yesu anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: akae kwanza chini apige hesabu. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru jambo litendeke. Tuyapitie moja moja.

1. Kutafuta shauri

Hapa tunakusanya ukweli wa mambo. Picha zinaonyesha trela kando ya ziwa, jua linazama. Hazionyeshi tangi la choo.

Trela la aina hii kwa kawaida lina matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyotumika kuogea na kuoshea vyombo, na la maji ya choo. Usipounganishwa na bomba, utajaza la kwanza na kumwaga hayo mengine mwenyewe, kwenye kituo kinachoruhusiwa, kila baada ya siku chache. Maji nayo yana uzito. Lita 150 ni kilo 150, na kila kilo inahesabiwa kwenye mzigo unaoruhusiwa. Vitabu vyako na viatu vyako vimo pia.

Halafu kuna baridi. Matrela mengi madogo yametengenezwa kwa safari za mapumziko, kuta zake ni nyembamba. Januari ya Minnesota au Iowa, mabomba yasipokingwa huganda na kupasuka, gesi ya kupasha joto huisha upesi, na mvuke wa pumzi na wa sufuria hugeuka matone madirishani, kisha ukungu chini ya godoro. Soma vizuri karatasi za bima na za dhamana ya mtengenezaji, maana nyingine zina masharti tofauti kwa mtu anayeishi humo muda wote.

La mwisho, ambalo wengi hulisahau: trela lina magurudumu, lakini lazima lisimame mahali, na mahali hapo pana mwenyewe. Miji mingi hairuhusu kuishi kwenye trela uani kwa rafiki. Viwanja vyenye maji na umeme vina kodi yake, na wakati mwingine inakaribia ile uliyoikimbia. Ardhi ya umma katika majimbo ya magharibi, kama Arizona na Nevada, ina sehemu nyingi za kukaa bure, ila kwa kawaida ni siku 14 tu ndani ya siku 28. Asiye raia anatakiwa kuiarifu ofisi ya uhamiaji ndani ya siku 10 kila anapohama. Na muuguzi wetu ajue kwamba posho ya nyumba isiyokatwa kodi kwa kawaida inamtaka awe na makazi mengine ya kudumu anayoyagharamia. Akiyaacha, posho hiyo inaweza kukatwa kodi.

2. Kuhukumu

Sisi hapa tuna mtego wetu. Tunasema: "Mita za mraba 12, shida iko wapi? Mbona nimekulia chumba kimoja na ndugu watano!" Ni kweli. Lakini chumba kile cha Manzese au cha Mwanza hakikuwa peke yake. Kulikuwa na kibaraza, ua wa kupikia, jirani wa kumwachia funguo, na mama wa chumba cha pili aliyejua kama hujala. Chumba kilikuwa cha kulala, maisha yalikuwa nje. Trela kwenye kiwanja cha wapita njia, wakati wa theluji, halina kibaraza hicho. Basi kabla ya kuuliza ukubwa, uliza: nani atakuwa jirani yangu?

Mapokeo ya Kanisa yanazijua pande zote mbili. Abrahamu aliishi hemani kwa sababu aliitwa. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, mwanzoni mwa Kanuni yake anawakosoa watawa waliozurura toka monasteri hii hadi ile, wageni wa siku tatu nne kila mahali, wakifuata matakwa yao tu. Ndiyo maana watawa wake huweka ahadi ya kudumu katika jumuiya yao. Abrahamu alihama ili atii. Hawa walihama ili wasimtii mtu yeyote.

Wanafalsafa hutofautisha uhuru wa kuondokana na kitu na uhuru kwa ajili ya kitu. Kuondokana na mwenye nyumba msumbufu ni uhuru wa kwanza, nao unaisha siku unapokutana na mwenye kiwanja msumbufu. Uhuru wa pili una jina: nalipa deni la masomo kwa miaka miwili, natuma ada ya mdogo wangu, nahudumia hospitali za vijijini ambako nyumba za kupanga ni adimu. Kama huwezi kulitaja jina hilo kwa sentensi moja, bado hujafika kwenye hukumu.

Tukumbuke pia kwamba wengine hawakuchagua. Mwandishi Jessica Bruder, katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, anaeleza habari za Wamarekani wenye umri mkubwa walioanza kuishi kwenye magari na matrela baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, wakifuata vibarua vya msimu. Tusiite ufukara wa Injili pale ambapo ni umaskini tu.

3. Kuamuru

Kwa Mtakatifu Thomas, hili ndilo tendo kuu la busara. Unaweza kushauriana vizuri, ukahukumu vizuri, halafu usifanye kitu. Au ukafanya kwa papara.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatusaidia. Wakati wa ukiwa wa roho, anasema, usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani. Umeachwa na mchumba? Umegombana na mwenzako wa chumba? Hiyo si wiki ya kununua trela. Tena anatuambia tumfikirie mtu tusiyemjua, tunayemtakia mema, mwenye hali kama yetu. Ungemshauri nini? Basi fuata shauri hilo mwenyewe.

Kisha jaribu. Kodi trela kwa wiki mbili, tena majira ya baridi, ukiwa kazini na si likizo. Pika humo, mwaga matangi, Jumapili tafuta parokia. Andika kila senti ya mafuta, kiwanja, gesi na matengenezo, ulinganishe na kodi yako ya sasa. Trela hushuka thamani kama gari, kwa hiyo mkopo wa miaka mingi unaweza kukuacha unadaiwa zaidi ya bei yake.

Ukiamua ndiyo, weka tarehe ya kujitathmini, tuseme baada ya miezi sita, na mwombe mtu mmoja akuulize siku hiyo. Ukiamua hapana, tulia katika hapana yako, acha kukesha ukitazama picha za matrela.

Maswali ya kutafakari

- Ninakimbia nini, na ninaelekea wapi?
- Nikiugua usiku wa manane, nani atagonga mlango wa trela langu?
- Fedha nitakayookoa itamfaa nani, zaidi yangu mimi?

Bwana atujalie busara, iwe tumepanga, tumejenga au tuko juu ya magurudumu. Amina.