Chuma Kutoka Chini ya Bahari: Vidokezo 7 vya Kukitambua

Wavu umepanda na kitu kizito kilichovaa matumbawe, na hakuna chomboni anayekifahamu. Mnunuzi wa chuma chakavu atakupa bei ya kilo tu. Subiri: saa za mwanzo ndizo zinazoamua kama kitu hicho kitajulikana au kitapotea na habari zake zote.

1. Ogopa bomu kwanza. Kina umbo la mtungi au risasi kubwa yenye ncha? Usikigonge wala usikibebe. Kaa mbali, waarifu polisi. Meli ya kivita HMS Pegasus ilizamishwa bandarini Zanzibar Septemba 1914, na baruti huweza kukaa majini miaka mingi bila kupoteza nguvu.

2. Andika ulipokipata. Namba za jipiesi, kina, mchanga au mwamba, na vilivyokuwa jirani. Misumari ya shaba iliyojipanga mstari huenda ni ubavu wa meli ambayo mbao zake zimeliwa na minyoo.

3. Usikianike. Chuma kilichonyonya chumvi kwa miaka kikikauka hupasuka na kumenyeka magamba. Kiweke kwenye ndoo ya plastiki, maji ya bahari yakifunike.

4. Weka kando nyundo na brashi ya waya. Ganda huhifadhi kilicho ndani. Wapiga mbizi wa Ugiriki walipoopoa mabaki ya meli karibu na kisiwa cha Antikythera mwaka 1901, bonge moja la shaba iliyooza halikumshughulisha mtu. Mwaka 1902 mwanaakiolojia Valerios Stais aliona gurudumu la meno ndani yake, na baadaye eksirei zikafichua mengine mengi: ilikuwa mashine ya kukokotoa mienendo ya jua na mwezi.

5. Pima. Sumaku ikinasa, ni chuma. Kutu ya kijani ni dalili ya shaba. Kisha ning'iniza kitu kwenye mizani, kwanza hewani, halafu kikiwa kimezama majini. Gawanya uzito wa kwanza kwa uzito uliopungua. Ukipata karibu 2.7 ni alumini; karibu 7 ni zinki; karibu 8 ni chuma; kati ya 8.5 na 9 ni shaba. Zaidi ya 11, risasi. Ganda nene hupotosha jibu.

6. Saka namba. Mulika taa kwa ubavu, alama hafifu zitoe kivuli. Mwaka 2013 injini za roketi ziliopolewa Atlantiki, kina cha zaidi ya kilomita 4, bila kujulikana zilirusha safari ipi. Fundi aliyezisafisha alimulika taa ya urujuanimno, ikajitokeza namba 2044: injini ya Apollo 11.

7. Jiulize kilikuwa na kazi gani. Bonge jeupe lililolika mashimo, lenye ukanda wa chuma katikati, mara nyingi ni zinki inayofungwa kwenye meli ili iliwe yenyewe, bodi ipone.

Ukikwama, piga picha pamoja na rula, uipeleke makumbusho au mamlaka ya bandari. Mwaka 2016 kipande cha bawa kilichookotwa Pemba kilitambuliwa kwa alama zake kuwa cha ndege MH370, iliyopotea na watu 239. Ndugu zao walipata uhakika mmoja zaidi kwa sababu aliyekiona alitoa taarifa. Nawe toa.